"Juu", "kwani" na "kwa sababu": Tunasahihisha vazi, tunaacha hoja

JUMAMOSI moja mwezi uliopita, kijana wa jirani yangu hapa Njoro alinijia na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Ya kwanza ilikuwa barua ya kumtaka ajieleze, iliyotoka katika shamba moja la maua upande wa Naivasha anakofanya kazi. Alidaiwa kutoweka kazini baada ya chakula cha mchana. Ya pili ilikuwa nakala ya jibu lake. Mstari wa tatu wa jibu hilo ulisema: "Sikurudi kazini kwa sababu niliitwa na msimamizi."

"Prof, hii laini moja ndiyo imeniletea shida," akasema. "Wanasema nimekubali makosa. Na mimi hapo nilikuwa nakataa!"

"Kwani ulirudi ama hukurudi?"

"Nilirudi! Tena mapema, hata saa ya lunchi haikuwa imeisha. Sikungoja kuitwa na mtu."

Niliisoma sentensi ile upya, mara hii kwa sauti. Kwa maana aliyokusudia kijana, alirudi. Anachokanusha ni kuitwa. Anasema kwamba kilichomrudisha si mwito wa msimamizi bali hiari yake. Kwa maana iliyosomwa ofisini, hakurudi, na udhuru wake ni kwamba msimamizi alimwita mahali pengine. Msimamizi akaulizwa kama kweli alimwita. Akasema la. Basi kijana akajikuta na makosa mawili badala ya moja: utoro na uongo.

Ofisi haikusoma vibaya. Kijana naye hakuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Upatanisho wa kisarufi uko sawa, tahajia iko sawa, hata nukta iko mahali pake. Sentensi ni sahihi kwa namna mbili, na hapo ndipo penye hatari. Tukizungumza, sauti hutuokoa: tukiweka mkazo kwenye "niliitwa", msikilizaji anajua ni kipi kinachokanushwa. Karatasi haina mkazo.

Nilimuuliza nani alimsaidia kuandika. Akasema mwanzo aliandika, "Sikurudi kazini juu niliitwa na msimamizi." Rafiki yake, ambaye alipata alama nzuri ya Kiswahili katika KCSE, akalifuta lile "juu" na kuweka "kwa sababu". "Akaniambia juu ni Sheng, ofisini hawaitaki."

Hapo nikanyamaza kidogo, maana nilijitambua. Rafiki yule alisahihisha kama tulivyomfundisha. Aliona neno lililovaa ndara akalivalisha viatu. Kwamba sentensi yenyewe ilikuwa imesimama katika njia panda, hakuliona, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha atazame huko.

Nisieleweke vibaya: sina ugomvi na "juu". Nenda steji yoyote ya matatu mjini Nakuru utasikia, "Gari haitoki juu haijajaa," na hakuna abiria atakayeomba tafsiri. Wala tusidhani ni utundu wa vijana wa Nairobi peke yao. Huko Lubumbashi, katika Kiswahili cha Kongo, watu wazima wenye mvi huuliza "juu ya nini?" pale ambapo sisi tungeuliza "kwa nini?". Njia ambayo neno hili limepitia ni rahisi kuifuata. Tunasema kitabu kiko juu ya meza. Kisha tunasema mjadala juu ya ardhi, yaani kuhusu ardhi. Sasa sikiliza: "Ndugu wale waligombana juu ya shamba." Je, shamba ni mada ya ugomvi au ni chanzo chake? Ni vyote viwili. Kutoka hapo hadi "waligombana juu shamba liliuzwa" ni hatua moja tu. Kosa la "juu" katika barua ya ofisi ni kosa la mahali, kama kuingia kanisani na ndara. Si kosa la maana. Lile "kwa sababu" lililowekwa badala yake lilibeba utata ule ule, ila sasa lilikuwa limevaa suti.

Wala utata huu si ugonjwa wa Kiswahili. Mwingereza anayeweka "because" baada ya kitenzi kilichokanushwa hukumbana na mtego huo huo, na washauri wake wa uandishi humwambia aongeze koma au aipindue sentensi. Tofauti ni kwamba yeye hufundishwa kuchagua. Huelezwa kwamba "because", "since", "as" na "for" zote hutaja sababu lakini hazikai mahali pamoja wala hazifanyi kazi moja. Nao Wafaransa wana "parce que", "car" na "puisque", na mwaka wa 1975 kundi la wanaisimu lilichapisha makala mashuhuri ya kutenganisha maneno hayo matatu tu. Sisi watoto wetu tunawapa orodha.

Naijua vizuri orodha hiyo kwa kuwa mimi ni mmoja wa walioigawa. Nimefundisha walimu wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika notisi zangu za zamani umo ukurasa wenye kichwa "Viunganishi vya sababu": kwa sababu, kwa kuwa, kwa vile, kwani, maana, kwa maana, kwa ajili ya, kwa minajili ya, madhali, maadamu. Chini yake niliandika neno moja: visawe. Mwanafunzi akisoma hivyo anaelewa kwamba lolote litafaa, na kwamba lile lisilosikika sana litamletea alama. Ndipo tunapata insha zenye "kwa minajili ya" katika kila aya, na msomaji asijue kama mwandishi anataja kilichosababisha jambo au kilicholengwa kwalo.

Hebu tuyapime maneno matatu ya kila siku: kwa sababu, kwani na kwa kuwa. Vipimo ni vyepesi, na msomaji anaweza kuvijaribu akiwa amekaa pale alipo.

Kipimo cha kwanza ni swali. Mtu akiuliza, "Kwa nini umechelewa?" utajibu, "Kwa sababu barabara ilifungwa." Hutajibu, "Kwani barabara ilifungwa." Ukijibu hivyo, jibu lako linageuka swali, na aliyekuuliza atadhani unamshangaa.

Kipimo cha pili ni mahali. "Kwa kuwa mvua ilinyesha, hatukwenda shamba" ni sentensi inayotembea vizuri. Sasa anza na kwani: "Kwani mvua ilinyesha..." Tayari unauliza. Kwani inayotaja sababu hungoja jambo lisemwe kwanza, ndipo ije nyuma yake.

Kipimo cha tatu ni ukanushi, na ndicho kilichomponza kijana wetu. Tunaweza kusema, "Si kwa sababu niliitwa." Hatuwezi kusema, "Si kwani niliitwa." Kwani haishikwi na ukanushi, hubaki nje yake. Kwa hiyo, lau kijana angeandika, "Sikurudi kazini, kwani niliitwa na msimamizi," sentensi ingekuwa na maana moja tu: hakurudi. Isingekuwa maana aliyoitaka, lakini angeiona na kuikataa kabla ya kutia sahihi. Na kama kweli hakurudi, angeweza pia kuipindua: "Kwa kuwa niliitwa na msimamizi, sikurudi kazini." Hapo hakuna njia panda.

Maneno yasiyoweza kubadilishana nafasi namna hii si visawe. Basi tofauti yao ni nini?

Mwanaisimu Mmarekani Eve Sweetser, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1990 kuhusu maana na mabadiliko yake, alionyesha kwamba kiunganishi cha sababu kinaweza kufanya kazi katika viwango vitatu. Kinaweza kuunganisha matukio ya ulimwenguni: hili lilileta lile. Kinaweza kuunganisha mawazo: najua hili kutokana na lile. Au kinaweza kueleza kwa nini msemaji ametamka alichotamka. Yeye alitumia mifano ya Kiingereza, ambako "because" moja hufika viwango vyote vitatu. Mimi nitatumia Ziwa Nakuru.

Tazama sentensi hii: "Heroe wamehama kwa sababu maji yamepungua chumvi." Hicho ni kiwango cha matukio. Ndege hao wa rangi ya waridi hula viumbe vidogo mithili ya mwani vinavyostawi katika maji ya magadi. Ziwa likijaa maji ya mvua, chumvi hupungua, chakula hupungua, nao huruka kwenda kwingine, mara nyingi Bogoria. Maji yametenda na ndege wametendeka.

Sasa sentensi ya pili: "Maji yamepungua chumvi, kwani heroe wamehama." Matukio ni yale yale mawili, ila sasa mpangilio umegeuzwa, na bado sentensi ina akili. Anayesema hivyo hajapima maji. Amesimama juu ya kilima, ameona ufuo umepoteza ile rangi yake, naye anakisia. Kuhama kwa ndege si chanzo cha chumvi kupungua. Ni ushahidi wake. Weka "kwa sababu" mahali pa kwani uone: "Maji yamepungua chumvi kwa sababu heroe wamehama." Utadhani ndege wameondoka na magadi chini ya mbawa.

Kiwango cha tatu twakitumia kila siku majumbani. "Funga dirisha, maana vumbi limeanza." Katika mji ambao jina lake la Kimaasai hufasiriwa kuwa mahali pa vumbi, sentensi hiyo haihitaji ufafanuzi. Vumbi halijasababisha dirisha kufungwa. Dirisha bado liko wazi. Vumbi ni sababu ya mimi kutoa ombi. Na neno maana lafaa sana hapo, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni ile ile tunayoijua: maana ya kusema kwangu ni hii.

Kwa kuwa na kwa vile zina tabia yao. Hizi huleta sababu ambayo msemaji anaichukulia kuwa imeshakubaliwa. "Kwa kuwa leo ni Jumapili, duka limefungwa." Hakuna anayebishana kuhusu siku. Lakini tabia hiyo ina ujanja ndani yake. Mwenye nyumba akibandika tangazo lisemalo, "Kwa kuwa Nakuru ni jiji tangu Desemba 1, 2021, kodi itapanda," ukweli wa tarehe unatumika kupitisha jambo ambalo tarehe haikulisema. Wapangaji hawawezi kukana kwamba mji ulipewa hadhi hiyo siku hiyo. Wanachoweza kukana ni kile kiungo kati ya hadhi na kodi. Na kiungo hicho kimefichwa katika neno linaloashiria kwamba mjadala umekwisha.

Najua nitapingwa. Wapo waandishi wazuri, wa pwani na wa bara, wanaoandika kwani pale ambapo mimi ningeandika kwa sababu, na hakuna anayewaelewa vibaya. Sitaki kuwafanyia polisi. Kwa sababu ni mbeba mizigo yote. Kwani nayo huazimwa kazi ya jirani yake mara kwa mara. Ninachodai ni kidogo zaidi: pale ambapo tofauti kati ya chanzo na ushahidi ina uzito, lugha yetu imetupa vyombo vya kuionyesha, na ni hasara kuviita vyombo hivyo visawe.

Uzito huo tunauona hapa Bonde la Ufa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maziwa yetu yamekuwa yakipanda: Nakuru, Baringo, Bogoria, Naivasha. Lango kuu la zamani la mbuga ya Nakuru lilimezwa na maji, na kuna familia kando ya maziwa haya zilizohama nyumba zao. Wataalamu wamezungumzia ongezeko la mvua, udongo unaoteremshwa na mito kutoka milima iliyopoteza miti, na hata miendo ya miamba chini ya bonde lenyewe. Ni suala la vyanzo vingi, na kila kimoja kina watu wake na fidia yake. Halafu unasoma au kusikia: "Ziwa limepanda kwa sababu msitu wa Mau umekatwa." Anayesema hivyo ameona visiki na ameona maji. Ni vitu viwili alivyoviona kwa macho. Kile cha tatu, yaani kamba inayoviunganisha, amekisuka mwenyewe kwa maneno mawili. Huenda ana haki. Lakini mwenye shamba lililozama anastahili kujua kama anaambiwa kilichothibitishwa au kinachodhaniwa.

Sijalitaja neno kamba bure. Katika Kiarabu cha kale sababu ilikuwa kamba, kile cha kumfikishia mtu kitu kilicho mbali naye. Ndipo likaja kumaanisha njia, na baadaye chanzo.

Nirudi kwa kijana, kwa kuwa sheria ya nchi hii inalichukulia neno hili kwa uzito kuliko mtaala wetu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa kila anayekamatwa haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki zake zimeathiriwa na hatua ya kiutawala. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu hiyo katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe.

Sehemu ya 43 ndiyo iliyonifanya niketi. Inasema mwajiri sharti athibitishe sababu, kisha inaifafanua sababu kuwa mambo ambayo wakati ule mwajiri aliamini kwa dhati kuwa yapo, na ambayo yalimfanya amwachishe mtu kazi. Soma tena: aliyoyaamini, na yaliyomfanya atende. La kwanza ni la mawazo, la pili ni la matukio. Watunga sheria wametenganisha kile ambacho ukurasa wangu wa visawe ulikichanganya. Mwajiri anayeandika, "Umeachishwa kazi kwani ulitoroka," na yule anayeandika, "Umeachishwa kazi kwa sababu ulitoroka," huenda hawajui kwamba wamechagua. Mfanyakazi anayejibu kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, anahitaji kuwa na chaguo hilo mkononi kama alivyo na mkasi wake wa maua.

Tufanyeje basi darasani? Kwanza tuifute orodha, nami nimeshaanza na yangu. Watoto wetu hapa hawaji shuleni mikono mitupu. Wengine wanakuja na "tondũ" ya Kikuyu, wengine na "amu" ya Kikalenjin, na karibu wote wanakuja na "juu" ya mtaani. Sababu wanaijua. Wanachohitaji ni kufundishwa kuuliza maswali mawili kila wanapoandika neno la sababu: je, hiki ni kilicholeta jambo, au ni kilichonijulisha jambo? Na je, kuna "si-" au "ha-" mbele yake, na inashika kitenzi au inashika sababu? Mwalimu anayesahihisha "juu" kuwa "kwa sababu" bila kuuliza maswali hayo amepiga pasi shati lililochanika.

Na mara nyingine jibu bora ni kuliacha neno lenyewe. Siku ile tuliketi na kijana barazani tukaandika upya mstari wa tatu. Tulijaribu kwa sababu tukaitoa. Tulijaribu kwani tukaitoa. Mwishowe tulibaki na sentensi mbili fupi: "Nilirudi kazini kabla ya saa ya chakula kwisha. Hakuna aliyeniita; nilirudi mwenyewe." Hazina kiunganishi cha sababu hata kimoja. Aliisoma mara mbili akasema, "Hivi ndivyo nilikuwa nataka kusema tangu mwanzo."

Ataitwa mbele ya kamati wiki ijayo, na amemchagua mfanyakazi mwenzake aketi naye, kama sheria inavyomruhusu. Barua mpya ameipeleka. Lakini ile ya kwanza bado imo ndani ya faili, ina sahihi yake chini, na wenye kumhukumu wataanza kuisoma hiyo.